Pilo ya Pili

Mwezi uliopita vijana wa kanisa letu hapa Runyenjes waliniomba niwaeleze tofauti kati ya kitu unachokihitaji na kitu unachokitaka tu. Walinipa dakika kumi, kati ya kwaya na matangazo. Nikawapa jibu nililofundishwa kazini, jibu fupi na zuri. Wakapiga makofi, nikakaa. Lakini nilirudi nyumbani sina raha, kwa sababu jibu lile liliwahi kunipoteza, na hilo sikuwaambia. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Hapa hakuna mtu wa kunionyesha saa.

Nilikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana huko Meru, sehemu za juu, ambako mwezi wa Julai ukisimama mlangoni mwa bweni huoni geti kwa ukungu. Shule yenyewe sitaitaja. Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, nikastaafu mwaka juzi. Watu hudhani kazi ya matroni ni kupiga kelele watoto waamke. Kelele ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kujua nani hajala, nani analia bafuni, nani ameazima soksi za nani, na kila siku ya kufungua shule, kukagua masanduku.

Kukagua sanduku kuna ufundi wake, na aliyenifundisha ni Mama Nkatha, matroni mkuu niliyemkuta pale. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na mikono yake ilikuwa inaona kuliko macho yangu. Mkate wa kukatakata aliuinua tu kwa kiganja. Ukiwa mzito upande mmoja, alijua ndani kuna simu. Kopo la poda alilitikisa karibu na sikio, kwa maana poda haina sauti lakini sukari inayo. Blanketi aliliinua kwenye mwanga, na akiona dirisha kupitia katikati yake, mtoto huyo hakumpa kitanda cha karibu na mlango. Alinionyesha kukata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vinne, na kuviacha dirishani wiki nzima vikauke kabla ya kutumiwa, kwa sababu sabuni kavu haiishi haraka. Jina la mtoto alitaka lishonwe ndani ya nguo kwa uzi. La kalamu huondoka na maji ya tatu.

Na ukikuta karatasi ya nailoni imekunjwa chini kabisa ya sanduku, alisema, usiulize kitu. Funga sanduku, mpe mtoto huyo kitanda cha chini, na umwamshe peke yake kabla ya kengele, abadilishe shuka wenzake hawajaamka.

Shule ilikuwa na orodha. Kilichokuwa kwenye orodha kiliingia, ambacho hakikuwemo kilirudi na mzazi au kiliwekwa stoo na kijikaratasi chenye jina. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza Mama Nkatha anajuaje kama kitu kilichozuiwa mtoto alikihitaji kweli au alikitaka tu.

"Kiweke stoo siku tatu," akaniambia. "Kama anakihitaji, atakuja kukuuliza kabla siku tatu hazijaisha. Kama alikitaka tu, atasahau."

Hilo ndilo jibu nililowapa vijana kanisani. Na nataka mjue kwamba siyo jibu baya. Nililiona likifanya kazi mara nyingi.

Mwaka mmoja alikuja mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta, amemleta binti yake Kinya. Sutikesi ya magurudumu ilivutwa na watu wawili. Baba mwenyewe alisimama na kofia yake, akasema, "Matroni, huyu mtoto sitaki akose kitu."

Nikafungua. Viatu jozi nne. Kikausha nywele cha umeme, na bwenini hakukuwa na soketi hata moja. Dubu wa manyoya mkubwa kuliko mtoto wa miaka miwili. Manukato. Pakiti za juisi ambazo zingetosha harusi ndogo. Nilichambua mpaka chini, kisha nikamwuliza baba, "Na godoro liko wapi?"

Akamtazama binti yake, binti akamtazama yeye.

"Si shule ina vitanda?"

"Kitanda ni vyuma, mzee. Na ndoo?"

"Ndoo ya nini?"

Mzee yule hakuwa na kiburi, alicheka mwenyewe. Alimtuma mtu wa bodaboda, na baada ya saa moja pikipiki ikapanda kilima na godoro limefungwa kwa nyuma, ndoo na karai vinaning'inia pande zote, dereva haonekani kichwa. Vile vingine vyote viliingia stoo. Siku ya pili Kinya alikuja ofisini kwangu. Nikadhani amekuja kudai dubu. Alikuja kuomba sabuni, kwa sababu katika sutikesi ile yote hawakukumbuka sabuni ya kufulia. Kikausha nywele hakukiulizia mpaka shule ilipofungwa, na hata siku hiyo ni mimi niliyemkumbusha.

Mimi mwenyewe sikuwa na la kumcheka. Mishahara yangu ya kwanza niliiweka pamoja nikanunua kabati la vioo la kuweka vikombe, na jikoni kwangu mvua ilikuwa inanyeshea sufuria. Nilipika mwaka mzima nikiwa nimevaa kofia ya plastiki, huku vikombe vya wageni vimekaa pakavu.

Basi, mtu akiona kanuni imefanya kazi miaka na miaka, anaacha kuifikiria. Mama Nkatha alistaafu, nikashika nafasi yake, nikawa mimi ndiye mwenye meza, orodha na ufunguo wa stoo.

Igoki alikuja mwaka ambao foleni ya Kidato cha Kwanza ilizunguka jengo la bwalo na kurudi. Walitoka upande wa chini, Mbeere, kule kwenye joto, ambako mama yake alikuwa anafuga mbuzi na kulima ndengu. Sanduku lao la bati lilikuwa limepakwa rangi ya bluu upya juu ya rangi ya zamani. Ndani kila kitu cha orodha kilikuwemo, kimoja kimoja, cha bei nafuu na kimekunjwa vizuri sana. Ila pilo, mito ya kulalia, zilikuwa mbili. Moja ya dukani. Nyingine ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha gauni kuukuu lenye maua, imejazwa pamba, nzito na ngumu kama gunia dogo.

"Pilo ni moja, mama," nikasema.

"Tafadhali, matroni. Hiyo ingine amezoea."

"Wote wamezoea vitu vya nyumbani. Ndiyo maana tuna orodha."

Mama yule alifungua mdomo, akamtazama mtoto wake. Igoki aliinamisha macho. Nyuma yao kulikuwa na wazazi kama themanini, na wale wa mbele walikuwa wanasikiliza kila neno. Mama akafunga mdomo. Nikaandika jina kwenye kijikaratasi, nikakifunga kwenye pilo ya maua, nikaita anayefuata.

Zikapita siku tatu. Igoki hakuja kuuliza. Ikapita wiki, hakuja. Nakumbuka nilipanga stoo nikaiona ile pilo, na nikajiambia moyoni kwamba sikukosea. Kumbe hajaihitaji.

Nyinyi mnaosoma labda mmeanza kuona ninakokwenda. Mimi sikuona, na vitu vyenyewe vilikuwa mbele yangu. Nilipoingia bwenini alfajiri kuwasha taa, wenzake wote walikuwa wamefunikwa kichwani, lakini yeye nilimkuta ameketi kwenye kitanda chake cha juu, mgongo ukutani, blanketi mabegani.

"Unaomba mapema hivyo?" nilimwuliza siku moja.

"Ndiyo, matroni."

Nikampenda kwa hilo. Nikawaambia wengine waige.

Darasani alikuwa anasinzia. Mwalimu wa zamu alimpa adhabu ya kufyeka nyasi, na alipofyeka akachelewa kumaliza, akapewa sehemu nyingine. Akipanda ngazi za kwenda bwaloni alisimama katikati, anashika ukuta, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Niliwahi hata kumwambia anunue kamba nzuri.

Aliyenifungua macho alikuwa Karimi, msichana aliyelala kitanda cha chini yake. Alikuja ofisini mchana wa Jumatatu, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kushtaki.

"Matroni, Igoki halali."

"Anasoma?"

"Hapana. Anakaa. Anakaa usiku wote. Akilala anasema ni kama amezama kwa maji."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue. Siku zingine anakunja sweta na taulo anaweka chini ya ile pilo, anasinzia kidogo. Lakini Jumamosi sweta zinafuliwa, hazikauki. Juzi alikaa mpaka asubuhi, na jana pia. Alinikataza kukwambia."

Nilimwita Igoki. Alitembea kutoka darasani mpaka ofisini kwangu, mwendo usiofika hatua mia mbili, na alipofika hakuweza kujibu salamu mpaka alipovuta pumzi kwanza. Nikamwambia akae avue soksi. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki pale pale. Shangazi yangu alikuwa na miguu kama hiyo mwaka wake wa mwisho. Sikumwambia mtoto. Nilimwita dereva wa shule.

Hospitalini alitupokea tabibu kijana, kliniko ofisa, mtaratibu. Alimsikiliza kifuani muda mrefu, mbele na nyuma. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Anatumia pilo ngapi?"

"Moja," nikajibu.

"Na nyumbani?"

Hapo Igoki alinitazama, halafu akasema polepole, "Mbili."

"Mbili, na bado ulikuwa unaamka usiku?"

"Mbili nalala vizuri."

Yule kijana akaandika. Akanieleza kwamba mtu mwenye moyo wa aina hiyo, vali zake, yaani vile vilango vya ndani, zimeharibika, akilala chali maji hujaa mapafuni, kwa hiyo lazima kichwa na kifua viinuliwe. Ndiyo sababu huwa wanauliza pilo. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa nani alimwambia aache ya pili?"

"Ni mimi," nikasema.

Akaandika pia hilo, au labda aliandika kitu kingine. Mimi nilidhani ameandika hilo.

Walimlaza siku hiyo hiyo. Nilirudi shuleni, nikafungua stoo, nikaichukua ile pilo. Kijikaratasi kilikuwa bado kimefungwa, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikakikata, nikaibeba pilo mapajani ndani ya gari la shule mpaka wodini. Niliiweka nyuma ya mgongo wake. Baada ya dakika kumi alikuwa amelala, saa tisa mchana, watu wanapita na troli, wageni wanaongea, na yeye hasikii.

Mama yake alifika kesho yake, miguu ina vumbi la Mbeere hata baada ya safari yote ile. Nilimwomba tukae kwenye benchi nje ya wodi. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na nilitaka nitukanwe.

"Mama, nimekukosea," nikamwambia. "Ile pilo."

"Wewe uliniuliza ni ya nini?"

"Sikukuuliza."

"Na mimi sikukwambia. Nilijua. Alipatikana na huu ugonjwa akiwa darasa la sita, na anadungwa sindano kila mwezi. Niliogopa nikisema mbele ya watu mtamrudisha nyumbani, mseme mkatafute shule ya kutwa. Yeye mwenyewe alinisihi njia nzima, mama usiseme. Nikajiambia sindano atadungwa mkifunga."

"Kwa hiyo zimempita."

"Zimempita." Akakunja leso yake, akaikunjua. "Basi tuko wawili, matroni. Usijibebeshe yote peke yako, uniachie na mimi yangu."

Tulikaa pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipofunguliwa. Kisha tukaingia pamoja.

Igoki alipotulia nilikwenda kwa Mama Nkatha. Alikuwa anaishi karibu na Nkubu, ana miti yake ya makadamia na ng'ombe mmoja. Nilimweleza yote, na mwisho nikamwambia, labda kwa ukali kidogo, kwamba zile siku tatu zake zilinipoteza.

Aliendelea kubangua makadamia. "Siku tatu ni za mtoto anayeongea," akasema.

"Hukuniambia hivyo."

"Sikujua. Nimejua sasa hivi, ukiniambia."

"Na wale wasioongea ulikuwa unafanyaje?"

"Hao labda niliwakosea miaka yote, mwanangu. Ila wewe umeletewa habari. Mimi sikuletewa."

Aliniwekea makadamia kwenye mfuko, nikaenda nyumbani. Hakujitetea, na mimi nilikosa la kumlaumu.

Kwa hiyo vijana, nawapa lile jibu tena, lakini sasa na upande wake wa pili. Kwa mambo yako mwenyewe, ngoja siku tatu. Simu mpya uliyoiona dukani, viatu ambavyo mwenzako amenunua, sofa la kona ambalo halitapita mlangoni: ngoja, na ukisahau, ulikuwa unataka tu. Hiyo bado naiamini, na kabati langu la vioo ni shahidi. Lakini usiitumie kumpimia mwenzako. Hujui kwake kitu kinafanya kazi gani. Kwangu pilo ya pili ilikuwa starehe. Kwake ilikuwa pumzi. Orodha haikuweza kujua hilo, na mimi niliyekuwa na mdomo wa kuuliza sikuuliza.

Na wale wanaohitaji sana, mara nyingi ndio hawadai. Wamezoea kunyimwa, au wanaogopa kwamba wakidai kimoja watapoteza kikubwa zaidi. Kinya wa Kangeta alikuja kuomba sabuni siku ya pili kwa sababu maisha yake yote akiomba hupewa.

Muhula uliofuata niliihamisha meza. Niliitoa nje kwenye foleni nikaiingiza kwenye chumba cha ndani, nikaweka pazia, kila mtoto anaingia na mzazi wake tu. Nikikuta kitu kisichokuwa kwenye orodha, sikusema tena kimekatazwa. Niliuliza, "Hiki kinakufanyia kazi gani?" Foleni ilikwenda polepole na naibu wa mwalimu mkuu alilalamika mpaka akachoka. Nilisikia mambo ambayo miaka yote yalikuwa yamepita mezani kwangu yamefungwa. Mmoja alikuja na tochi kwa sababu haoni vizuri gizani na alikuwa ameanguka chooni shule ya msingi. Mwingine alibeba asali ya dawa ya bibi yake. Msichana mmoja alikuwa na kioo kikubwa cha mkono, na nilipomwuliza kinamfanyia kazi gani akanijibu, "Hakuna, matroni. Napenda tu kujiangalia." Nilicheka sana. Kioo nikakiweka stoo, na baada ya siku tatu alikuwa amekisahau.

Igoki alifanyiwa upasuaji Nairobi mwaka uliofuata. Alikosa muhula mzima, akarudia kidato. Mama yake alinipigia simu kabla ya siku ile na baada yake, na katikati sikumbuki nilifanya kazi gani, najua tu kwamba nilihesabu mashuka ya bweni moja mara nne na kila mara nikapata jawabu tofauti.

Alirudi mwembamba, amefunga kola mpaka shingoni kuficha kovu. Nilimpa kitanda cha chini, kando ya dirisha.

Jumamosi ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, wenzake wote walikuwa nje wakifua. Niliingia bwenini kutafuta nani ameacha maji ya bomba wazi. Nikamkuta amelala. Alikuwa chali, amejinyoosha mzima mzima juu ya godoro bila pilo ya pili, mikono kando, kinywa wazi kidogo, kifua kinapanda na kushuka taratibu bila haraka yoyote. Nilisimama nikakitazama muda ambao sikuupima.

Kengele ya ukaguzi wa nguo ikalia. Hakuamka. Sheria ilikuwa kila mtu atoke na ndoo yake, na mimi ndiye niliyeiandika. Nguo zake zilikuwa zimelowekwa kwenye ndoo chini ya kitanda. Nikaivuta polepole isigonge chuma, nikatoka nayo nje, nikapandisha mikono ya sweta yangu, nikaanza na soksi.